USIPOZIBA UFA: WAADHI JUU YA KUTOA MALI KABLA YA TUFANI

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na nchi, aliyezijaalia pepo kuwa bishara ya mvua na kuwa onyo kwa wenye kuonyeka, akawatiishia wanadamu bahari wapate kuvua na kusafiri. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Fahamuni, enyi Waislamu wa Mchinga, na ninyi nyote mlio katika pwani ya Lindi na Kilwa, kwamba mali ya mwanadamu hutoka mkononi mwake kwa njia tatu. Hutoka kwa matumizi, akala na kuvaa na kulisha wanawe. Hutoka kwa sadaka, akaitanguliza mbele yake Akhera. Na hutoka kwa khasara, asiitoe yeye bali ichukuliwe, kwa moto au kwa maji au kwa upepo. Njia hii ya tatu ndiyo iliyoandikiwa waraka huu. Kwani watu wengi huitoa mali kwa matumizi kwa furaha, na kwa sadaka kwa tumaini, lakini kuitoa ili kuizuia khasara huona ni kuipoteza. Na kumbe shilingi iliyotolewa kuzuia balaa imekusanya mambo mawili: ni sadaka kwa mwenye nia, na ni faida kwa mwenye hisabu. Wazee wa pwani walikwisha kulisema neno hili kwa ufupi: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

TUFANI KATIKA PWANI HII

Huenda mtu aliyeketi barazani Mchinga, akiitazama ghuba imetulia, akasema kwamba tufani ni ya watu wa Bukini na Msumbiji, wala si ya watu wa Lindi. Neno hilo ni kweli nusu. Tufani hazizaliwi karibu sana na mstari wa Ikweta, na nyingi katika zizaliwazo upande wa kusini wa Bahari ya Hindi huelekea Bukini na Msumbiji. Lakini Mchinga iko karibu na daraja ya 10 kusini ya Ikweta, yaani ukingoni mwa njia zake. Na anayekaa ukingoni mwa njia hawezi kusema kwamba hapitiwi.

Mwezi wa Aprili 1872, mwaka wa 1289 wa Hijra, tufani iliipiga Unguja. Merikebu za Sayyid Barghash zilivunjika bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja ikang'oka. Pemba haikupata dhara kama hiyo. Basi mwenye mashamba pande zote mbili alibakiwa na kitu, bali aliyeweka mali yake yote Unguja ilimbidi apande upya na kungoja miaka mpaka miche izae. Na katika kungoja huko ndiko madeni hupata mlango.

Mwezi wa Aprili 1952, mwaka wa 1371 wa Hijra, tufani iliingia nchi kavu hapa hapa Lindi. Mwezi wa Aprili 2019 tufani iliyoitwa Kenneth ilipita Ngazija ikielekea pwani hii. Watu wa Mtwara na Lindi wakaonywa, na wengi wa Mtwara wakahama mahali pa khatari; kisha ikaingia Cabo Delgado, kusini ya mto Ruvuma, na huko Msumbiji watu zaidi ya 40 wakafa. Na tarehe 4 Mei 2024 tufani Hidaya ilifika Mafia, ikafifia. Lakini mvua zake ziliikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam huko Somanga, katika wilaya ya Kilwa, abiria wakakwama na mizigo ikakwama. Upepo ulikwisha kutulia, na khasara ilikuwa bado inahisabiwa kwa siku.

Wako waliosema baada ya mwaka 2019 kwamba watu walihamishwa bure. Hili ni kosa. Mlinzi wa duka asiyeona mwizi usiku hakuibiwa mshahara wake, wala aliyefunga mlango hajuti asubuhi kwa kuwa mwivi hakuja. Aliyehama tufani isimfike amelipa nauli na usumbufu. Asiyehama ikamfika amelipa watoto wake. Mwenye akili hawezi kuziona bei hizi mbili kuwa sawa.

KADARI NA TAHADHARI

Wako wengine ambao hawaikatai khatari, bali husema: Lililoandikwa litakuwa, na kujikinga ni kupingana na kadari ya Mungu. Maneno haya yana sura ya imani, lakini ndani yake mna uvivu, na mara nyingine mna ubakhili.

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na kumtegemea Mungu, au amfunge na kumtegemea. Akaamrishwa amfunge kisha ategemee. Na siku ya Uhudi Mtume mwenyewe alivaa deraa mbili, na hapana aliyekuwa na imani kuliko yeye. Na Sayyidna Omar alipofika karibu na nchi ya Sham akaambiwa kuna tauni, aliwarudisha watu. Abu Ubeda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari nyingine ya Mungu. Basi fahamuni: tufani ni kadari, na paa lililokazwa ni kadari, ugonjwa ni kadari, na dawa ni kadari. Mungu ndiye aliyeumba vyote viwili, na mja ameamrishwa kushika sababu.

Wala asidhani mtu kwamba khabari za Mamlaka ya Hali ya Hewa ni kudai ilimu ya ghaibu. Nahodha huyatazama mawingu na mawimbi akasema upepo wageuka, na hapana shekhe aliyepata kumkufurisha. Yule hutazama kwa jicho, na hawa hutazama kwa vyombo vilivyo juu angani na juu ya nchi. Wote wawili husoma ishara ambazo Mungu ameziweka, na wote wawili huweza kukosea. Mwenye kuzidharau ishara hamtukuzi Mungu; amedharau rehema yake.

SURA ISOMWAYO KILA IJUMAA

Sura ya Pango husomwa na Waislamu wengi kila Ijumaa, na watu wa Mchinga wanaijua. Na tazameni: ndani ya sura hii moja mna visa vitatu vya kutanguliza gharama ili kuzuia khasara, na mtu aweza kuvisoma miaka arubaini asiviangalie.

Kisa cha kwanza ni cha chombo. Nabii Musa, amani imshukie, alipanda chombo pamoja na yule mja mwema ambaye maulamaa wamemtaja kwa jina la Khidhri. Khidhri akakitoboa. Musa akashangaa na kumlaumu, maana jicho lilimwonyesha uharibifu. Kisha akabainishiwa kwamba chombo kile kilikuwa cha maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na nyuma yao alikuwako mfalme anyang'anyaye kila chombo kizima. Tundu moja lilikiokoa chombo chote. Wavuvi wa Mchinga wakizingatie kisa hiki kuliko watu wote, kwa kuwa kimetajwa juu ya watu mfano wao. Siku moja bila ya kuvua kwa sababu ya onyo la tufani ni tundu katika pato. Lakini ubao mmoja hutengenezwa, na chombo kilichokwenda hakirudi.

Kisa cha pili ni cha ukuta. Walifika katika mji ambao watu wake waliwanyima chakula, wakaona ukuta unataka kuanguka, Khidhri akausimamisha bila ya ujira. Chini yake palikuwa na hazina ya mayatima wawili. Hapa ndipo ulipo ufa wa methali: hakungoja uanguke ndipo akusanye michango. Na zaidi ya hayo, mayatima hawakumwona, wala hawakumshukuru, wala hawakujua kwamba mali yao ilikuwa katika khatari.

Na hii ndiyo siri ya kuwa watu hawapendi kutoa kwa ajili ya kinga. Anayeleta unga baada ya mafuriko huonekana, hushukuriwa, na hupigwa picha. Aliyezibua mtaro kabla ya masika hakuna amwonaye, kwa kuwa nyumba ambayo haikuingia maji haina khabari ya kusimuliwa. Lakini huo si upungufu wa amali yake, bali ni ukamilifu wake. Sadaka iliyotukuka ni ile isiyojua mkono wa kushoto kilichotolewa na wa kulia. Na ni sadaka ipi iliyofichika kuliko ile ambayo hata mwenye kupewa hajui kama amepewa?

Kisa cha tatu ni cha Dhulkarneni. Watu walioudhiwa na Yajuju na Majuju walimwahidi malipo awajengee kizuizi. Akawaambia kwamba aliyopewa na Mola wake ni bora kuliko mali yao, ila wamsaidie kwa nguvu. Wakaleta vipande vya chuma, wakavukuta moto, kizuizi kikasimama. Basi maskini asiseme kwamba kinga ni ya matajiri. Watu wale walidhani wanachokosa ni fedha na mjuzi. Mjuzi alipokuja, aliwataka mikono yao.

HISABU YA MWENYE AKILI

Sasa itazamwe hisabu, kwani dini haichukii hisabu. Hii ni mfano tu, ili msomaji aipige kwa nyumba yake mwenyewe.

Chukueni nyumba nne za bati. Kukaza paa la kila moja, kwa mbao na misumari na mikanda ya chuma, iwe ni shilingi 400,000, na kazi hiyo idumu miaka 10. Nyumba isiyokazwa ikipigwa, khasara yake iwe ni 4,000,000, iliyokazwa, 1,000,000. Na tuseme katika miaka hiyo upepo hauharibu ila nyumba moja katika nne. Wasiojikinga watapoteza 4,000,000. Waliojikinga watatoa 1,600,000 kwa nyumba zote nne, na ile moja itakhasirika 1,000,000, jumla 2,600,000. Imebaki 1,400,000. Na fedha hii si ya kuomba kwa mtu. Ilikuwa yao, na ingekwenda na upepo.

Lakini hisabu ya haki hukata pande mbili. Kama kukaza paa kungekuwa shilingi 2,000,000, wenye nyumba hizo wangetoa zaidi ya walichookoa. Kwa hiyo si kila gharama iitwayo kinga ni ya busara. Hutangulizwa ile iliyo nyepesi kwa bei na nzito kwa manufaa. Na katika hizo hapana nyepesi kuliko khabari. Tume ya walimwengu iliyotazama namna ya kukabili mageuzi ya tabia ya nchi iliandika mwaka 2019 kwamba kuwaonya watu saa 24 kabla ya dhoruba kwaweza kupunguza khasara yake kwa sehemu 30 katika mia. Na kwamba dola milioni 800 zikitumiwa kwa maonyo katika nchi zinazoendelea zingezuia khasara ya dola bilioni 3 mpaka 16 kila mwaka. Na huko Marekani wataalamu wa majengo walihisabu kwamba dola moja ya serikali kuu iliyotolewa kwa kinga huokoa dola 6.

Na kwa Waislamu kuna ushahidi ulio karibu zaidi na moyo. Nchi ya Bangladesh, wakati ilipokuwa ikiitwa Pakistani ya Mashariki, ilipigwa na tufani mwezi wa Novemba 1970, wakafa watu wasiopungua 300,000. Baada ya hapo wakapanga watu wa kujitolea kwa maelfu, wakajenga majumba ya kukimbilia yaliyoinuliwa juu ya nguzo, na vipaza sauti vya misikiti vikatumiwa kutoa onyo. Kazi haikukamilika kwa siku moja: mwaka 1991 walikufa tena zaidi ya 130,000. Hawakuacha. Mwaka 2007 tufani Sidr iliua maelfu machache. Na mwaka 2020 ilipokuja tufani Amphan, waliokufa Bangladesh hawakufika 50. Bahari ni ile ile, na nchi ni ile ile ya tambarare. Kilichobadilika ni kile ambacho watu walikitanguliza.

Yako na mambo ambayo hisabu ya mapaa haiyaoni. Mvuvi aliyeharibikiwa huuza nyavu zake anunue unga. Akiisha kuuza nyavu hana cha kumpatia unga wa mwezi wa pili. Mwenye shamba hukopa, na mwenye kumkopesha humtaka zaidi ya alichompa. Mtoto hutolewa skuli. Hivyo khasara huzaa khasara, na balaa la siku moja huwa ufukara wa miaka. Basi aliyeizuia khasara ameufunga na mlango wa riba, na hili peke yake lamtosha Muislamu kuwa sababu.

MALI ITOKE WAPI, NA IENDE WAPI

Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Kurani, wala isitiwe mkono. Katika hao wamo wadeni, na Mujahid, mwanachuoni wa tafsiri, aliwahisabu pamoja nao waliounguliwa na nyumba na waliochukuliwa mali na mafuriko. Hiyo ni haki ya aliyekwisha kufikwa. Ama kinga, milango yake ni mingine mitatu.

Mlango wa kwanza ni nguvu, kama walivyotakwa watu wa Dhulkarneni. Kuzibua mitaro kabla ya masika, kuinua mdomo wa kisima maji machafu yasiingie, kupanda mikoko mahali ilipokatwa: haya hayataki ila majembe na asubuhi moja. Na mikoko isidharauliwe. Wataalamu wamepima wakaona kwamba ukanda wa mikoko wa mita 100 huweza kupunguza kimo cha mawimbi kwa sehemu 13 mpaka 66 katika mia. Anayekata mkoko kwa boriti moja ameuza ukuta wa mji kwa bei ya ufito. Na anayetupa baruti baharini anavunja matumbawe ambayo ndiyo ukuta wa kwanza, mbele ya mikoko. Na watu wa pwani ya Lindi na Mtwara walikwisha kusimama dhidi ya baruti katika miaka ya 1990, kwa kuwa waliona samaki na mwamba vinakwisha pamoja. Sharia imesema kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Na dhara ya baruti haimwishii aliyeitupa.

Mlango wa pili ni wakfu. Sayyidna Othman alikinunua kisima cha Ruma akakifanya cha Waislamu wote. Desturi ya pwani ni mtu kuuwekea msikiti minazi yake, asili isiuzwe na mazao yatumiwe. Basi na awepo mtu atakayeweka minazi michache kwa ajili ya kinga ya mji: mazao ya mwaka yanunue kamba, misumari, taa, na redio ya kupokea khabari za bahari. Tufani haiji kila mwaka, na kwa hiyo mchango wa kila mwaka huchosha watu; wakfu hauchoki. Wala fedha yake isikae katika mkono wa mtu mmoja, na hisabu yake isomwe mbele ya watu, kwani mali ya kinga ikiliwa, balaa zinakuwa mbili.

Mlango wa tatu ni wenye mamlaka. Imepokewa kwamba Sayyidna Omar alikhofu kuulizwa na Mungu juu ya nyumbu atakayejikwaa Iraki kwa kuwa hakumsawazishia njia. Ikiwa hivyo ndivyo juu ya mguu wa nyumbu, basi daraja lipitiwalo na wagonjwa na wazazi lina swali kubwa zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za kazi hii; watu waziulize zinafanya nini wakati wa jua, wala wasingoje kuziuliza wakati wa mvua.

Na kabla ya yote, mji ujue majibu ya maswali haya: Onyo likija usiku, nani atalitangaza msikitini? Nani atawajulisha walio baharini? Vyombo vitapandishwa wapi? Nani atamchukua mjane mzee, na kipofu, na mwanamke aliyekaribia kujifungua, na atawapeleka katika jengo gani lenye paa madhubuti? Maswali haya hayana gharama. Lakini yakikosa majibu leo, yatajibiwa na bahari.

KHATIMA

Tufani ya mwaka 2024 iliitwa Hidaya, na maana ya neno hili kwa Kiarabu ni uongofu. Waliolitia jina hilo katika orodha hawakujua kwamba litaangukia pwani hii. Lakini muumini huzingatia. Ilifika imedhoofika, ikachukua barabara na madaraja, ikawaacha watu wengi hai. Mwenye kuonywa kwa upole naye asionyeke, amejichagulia onyo la ukali.

Basi Ijumaa ijayo, mtu akimaliza kuisoma Sura ya Pango, asinyanyuke kabla ya kujiuliza: Chombo changu ni kipi, ukuta wangu wenye ufa ni upi, na nguvu niliyotakwa ni ipi? Kisha atoke akaitazame ghuba, na mikoko, na paa la jirani yake yatima.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watu wa Mchinga na pwani yote, barani na baharini. Awape macho ya kuuona ufa ungali mdogo, na mikono isiyochelewa kuuziba. Azijaalie pepo zao kuwa za rehema, na mali zao kuwa akiba ya dunia na Akhera. Amin.

Wallahu aalam.